Kutoka meza ya katibu hadi kazi ya mtandaoni: namna ya kuhama ukiwa Dodoma

Ukishakaa miaka kadhaa kwenye meza ya mapokezi, masjala au ofisi ya katibu hapa Dodoma, sehemu kubwa ya kazi ninayotaka kuieleza umeshaifanya. Umepanga vikao vya watu wasioshikika. Umeandika muhtasari usiku ili asubuhi mwenyekiti ausaini. Umeitafuta barua ya mwaka juzi na kuipata huku mgeni akiwa bado amesimama mlangoni. Msaidizi wa mtandaoni hufanya hayohayo kwa mtu aliye mbali, kwa kompyuta na simu, na hulipwa na wateja wawili watatu badala ya mwajiri mmoja.

Mimi nilisomea uhazili Tabora, nikawa katibu muhtasi katika ofisi binafsi hapa mjini, na sasa kazi zangu nazifanyia nyumbani, mtaa wa Kisasa. Natunza kalenda na barua pepe za mshauri mmoja aishiye Dar es Salaam, nashughulikia maombi ya wageni wa kampuni ndogo ya utalii ya Arusha, na mara kwa mara nanukuu mahojiano ya watafiti. Wenzangu niliowaacha ofisini huniuliza waanzie wapi. Haya ndiyo ninayowaambia, na nayasema kwa uzito kwa sababu wengi wao wana watoto wanaosoma na kodi ya nyumba isiyosubiri.

La kwanza: biashara ianze ukiwa bado una mshahara. Barua ya kuacha kazi inakuja mwishoni kabisa.

Andika kila kinachopita mezani kwako

Nunua daftari la kawaida, na kwa wiki mbili andika kila unachofanya ofisini na muda uliotumia. Usichague. Umempigia fundi wa printa, dakika kumi. Umepanga upya safari ya bosi kwenda Iringa, dakika arobaini. Umenyoosha Kiingereza cha barua ya mfadhili, saa nzima. Wiki ya pili ikiisha, kaa uyagawe. Yapo yanayodai uwepo wewe mwenyewe, kama kupeleka bahasha kwenye wizara kule Mtumba au kuwapokea wageni. Hayo yaache. Yapo yanayoweza kufanyika popote penye mtandao. Na ndani ya hayo yamo machache ambayo watu ofisini hukuletea wewe hata kama si kazi yako, kwa sababu wanajua yakipita kwako yametulia. Hayo machache ndiyo utakayouza.

Chagua mawili tu. Nakutana na matangazo mengi ya wanaoanza yaliyoandikwa: kuchapa, nembo, mitandao ya kijamii, uhasibu, tafsiri, tovuti. Anayetafuta msaidizi akisoma hivyo hajui akukabidhi nini. Yeye ana shida moja inayomnyima usingizi, kwa mfano barua pepe zilizorundikana tangu mwezi uliopita, na anamtafuta mtu atakayesema: "Nitazipanga, nitajibu za kawaida, na zile zinazokuhitaji wewe nitakuletea kila jioni zikiwa tano au sita." Tangazo lako liseme hivyo, kwa maneno ya kawaida.

Sisi wa kanda ya kati tuna huduma moja ambayo wengi hawaioni, nayo ni kunukuu na kutafsiri mahojiano ya Kiswahili. Dodoma ina Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanza 2007, ina Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, ina mashirika yanayofanya tafiti za kilimo, lishe na maji Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chamwino, Kondoa hadi Singida. Watafiti hurudi kutoka vijijini na sauti nyingi kwenye simu, na muda wa kuzisikiliza hawana. Programu za kunukuu kwa mashine zipo, lakini mpe mashine sauti ya bibi wa Kigogo anayechanganya Kiswahili na lugha yake, upepo wa kiangazi unavuma kwenye kinasa sauti, mbuzi wanalia nyuma, uone itakachokuandikia. Aliyekulia huku anasikia. Anajua kwamba "uwele" uliotajwa ni nafaka na wala si ugonjwa, anajua majina ya vijiji, anajua mzee akinyamaza kabla ya kujibu amenyamaza kwa sababu gani.

Kazi hiyo ina ugumu wake. Sauti safi ya saa moja huchukua takriban saa nne kunukuu, na ya kikundi cha watu wanane wakizungumza kwa pamoja huchukua zaidi. Kwa hiyo toza kwa dakika ya sauti, na kabla ya kutaja bei omba kipande cha dakika tano ukisikilize. Kubalianeni mapema kama mtafiti anataka kila neno pamoja na "eeh" na "yaani," au anataka maelezo yaliyosafishwa. Kubalianeni pia majina ya waliohojiwa yatafichwa namna gani.

Wateja wapo jirani

Wengi wakisikia kazi ya mtandaoni akili inakimbilia Marekani. Wapo wateja huko, na nitafika. Ila uamuzi wa 2016 wa kuihamishia serikali Dodoma, na kisha mji wetu kutangazwa jiji 2018, umetuletea aina ya mteja ambaye msaidizi anayeishi Nairobi au Manila hawezi kumhudumia vizuri. Ni mtu mwenye shughuli na wizara zilizoko Mtumba lakini anayeishi Dar, Mwanza au Arusha. Mshauri, mkandarasi mdogo, mkurugenzi wa shirika lenye wafanyakazi wanne. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma katikati ya 2024, yule wa Dar anakuja asubuhi na anataka kurudi jioni. Siku yake hapa haina nafasi ya kupotea.

Unamfanyia nini? Unampangia miadi na kuithibitisha siku moja kabla. Unamtumia orodha ya nyaraka ambazo ofisi husika itaziuliza, zikiwa zimepangwa kwenye folda moja kwa mtiririko. Unajua kwamba kati ya Aprili na Juni Bunge la Bajeti linapokaa, vyumba vya wageni hujaa na viongozi wengi wa wizara wanakuwa bungeni, hivyo unamwambia mwezi Machi kwamba safari ile ya Mei aifikirie upya. Maarifa haya kwako ni ya kawaida. Kwa mtu wa mbali yana thamani ya siku nzima ya kazi.

Hapa naomba nisisitize kitu kwa moyo wote. Atatokea mteja atakayetaka "umsukumie faili" au umfahamishe na mtu wa ndani. Kataa siku hiyohiyo, kwa adabu. Wewe unapanga ratiba na karatasi. Vivyo hivyo kwenye zabuni: unaweza kumkusanyia mteja vyeti, kukagua tarehe za kuisha kwavyo na kumwandalia viambatisho, lakini kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni, aingie mwenyewe kwa akaunti yake na awasilishe mwenyewe. Jina lako hapa mjini ukilichafua, hakuna tovuti itakayolisafisha.

Kuhusu nje ya nchi, Upwork na Fiverr, majukwaa ya mtandaoni ya kutafutia kazi, ndizo njia ambazo wengi huanzia. Fiverr hukata asilimia 20 ya kila malipo. Upwork nayo ina makato yake, na unanunua tokeni za kuombea kazi, kwa hiyo usiombe kila kitu unachokiona. Omba zile ambazo tangazo lake umelisoma mpaka mwisho na unaweza kujibu jambo mahususi ndani yake. LinkedIn iliyojazwa vizuri, yenye huduma zako mbili na picha ya heshima, huleta watu taratibu lakini huleta watu wazuri.

Ujumbe wa kwanza

Mteja wa kwanza mara nyingi ni mtu anayekujua au anayemjua anayekujua. Asiwe mteja wa mwajiri wako. Soma mkataba wako wa ajira uone unasema nini kuhusu kazi za pembeni na mgongano wa maslahi, na ukikuta unazuia, zungumza na mwajiri kwanza. Kisha andika ujumbe mfupi. Huu ni wa aina ninayopendekeza:

"Shikamoo Dokta. Naitwa fulani, nilisoma uhazili Tabora pamoja na mdogo wako. Amenieleza kuwa mwezi huu una safari tatu na barua pepe zimekuzidi. Nafanya kazi ya kusimamia kalenda na barua pepe kwa washauri, saa za jioni na Jumamosi. Naomba nikufanyie wiki moja ya majaribio, saa nne za kazi, kwa shilingi 60,000. Utapata sanduku la barua lililopangwa, orodha ya zinazokusubiri wewe, na kalenda ya mwezi mzima ikiwa na muda wa safari. Ukiridhika ndipo tuzungumze mkataba wa mwezi."

Tazama kilichomo. Kuna salamu inayostahili, kuna aliyewaunganisha, kuna shida yake, kuna kazi yenye mipaka, kuna bei. Hakuna "nikusaidie chochote." Na majaribio yanalipwa. Kazi ya bure humfundisha mteja kwamba muda wako hauna bei, na baadaye utapata taabu kuipandisha kutoka sifuri.

Bei inatoka kwenye matumizi yako

Usianze na bei za watu wengine. Chukua daftari lilelile. Tuseme nyumbani kunahitaji 700,000 kwa mwezi. Bando, umeme, programu za kulipia na makato ya kupokea fedha vinachukua 150,000. Michango ya hiari ya NSSF na bima ya afya weka 100,000. Kwa ajili ya kodi tenga 100,000. Jumla ni 1,050,000. Sasa hesabu saa ambazo mteja atazilipia kweli. Hata ukikaa mezani siku nzima, kuna kuandika ankara, kutafuta wateja, kujifunza programu mpya, kumpeleka mtoto kliniki. Mwanzoni saa 70 za kulipwa kwa mwezi ni hesabu ya kiungwana. Gawanya: shilingi 15,000 kwa saa. Hiyo ndiyo sakafu yako. Chini yake unakula akiba bila kujua.

Mteja wa hapa nyumbani ukimtajia bei ya saa hushtuka, kwa hiyo muuzie kifurushi. Saa 20 kwa mwezi, 300,000, malipo mwanzoni mwa mwezi, saa zisizotumika hazihamii mwezi unaofuata. Wateja watatu wa namna hiyo na kazi moja ya kunukuu, mwezi umesimama. Wateja wa ndani watajie bei kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni za Benki Kuu zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani ya nchi.

Kampuni ya Kitanzania ikikulipa kwa huduma, itakata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Usigombane nayo, ni sheria, ila dai cheti cha zuio kila mara na ukitunze, maana fedha hiyo inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Kwa wateja wa nje, Payoneer hupokea na kuhamishia kwenye akaunti yako ya benki. PayPal usiitegemee, akaunti zinazofunguliwa hapa zimekuwa za kununua na kutuma zaidi kuliko za kupokea. Kwa kazi za moja kwa moja nje ya majukwaa, nusu ya malipo iingie kabla hujaanza.

TIN ya biashara haina gharama, unahitaji namba ya NIDA. Jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa mtandao, na leseni inatolewa na Halmashauri ya Jiji. Unapokwenda TRA, eleza kazi yako kama ilivyo, kwamba unatoa huduma za kiofisi na usimamizi, kwa sababu watoa huduma za kitaalamu na usimamizi hawakadiriwi kwa utaratibu ule wa mwenye duka dogo. Mweleze afisa akukadirie ukiwa unaanza, na uulize wazi tarehe za kulipa kila robo mwaka.

Umeme, mtandao na saa za wenzetu

Mgao wa mwishoni mwa 2023 wengi tunaukumbuka. Hali ilipata nafuu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuzalisha Februari 2024, lakini mvua za radi za Januari bado hukata umeme mtaani bila taarifa. Kompyuta mpakato yenye betri nzima inakuvusha saa chache. Kinachosahaulika ni kifaa cha mtandao, ambacho huzimika sekunde ileile umeme unapokatika, na wewe upo katikati ya kikao. Kuna betri ndogo za kukishikilia kifaa hicho, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta mjini. Inunue kabla ya kununua kiti cha kuzunguka. LUKU usiiache ishuke hadi uniti tatu siku ya kazi.

Uwe na mitandao miwili ya kampuni tofauti. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki yote, na mwisho wa Oktoba 2025 ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Laini mbili hazikusaidii siku kama hizo, makubaliano ndiyo yanakusaidia. Kwenye mkataba andika sentensi inayosema mtandao ukipotea kabisa nitakupigia simu au kukutumia ujumbe wa kawaida ndani ya muda fulani, na kazi zipi zinaweza kusubiri. Mpe mteja pia namba ya mtu mmoja wa karibu nawe. Mteja anayejua mapema huvumilia. Anayegundua mwenyewe huondoka.

Saa zinaangusha watu wengi wazuri. Tarehe na saa ziandike kwa mtindo wa saa 24 na utaje mji: "18:00 Dodoma, 15:00 London." Ukiandika "saa tisa" kwa mteja mwenye Kiswahili cha kujifunza, atasikia tisa ya kwao. London tunaitangulia kwa saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa joto. New York ni saa nane, kisha saba. Kwa hiyo mteja wa New York anayeanza kazi saa tatu yake ya asubuhi anakukuta saa kumi na moja jioni, na kuanzia Machi anakukuta saa kumi. Sasa angalia: Marekani hubadilisha saa Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Kati ya tarehe hizo tofauti kati yao wenyewe inabadilika, na kalenda ya mtu mwenye wateja pande zote mbili inaweza kugongana. Weka alama kwenye tarehe hizo mwaka unapoanza, na zile za Oktoba na Novemba wanaporudisha saa.

Mimi sichukui mteja anayetaka nipatikane usiku wa manane kila siku. Wapo wanaolipa vizuri kwa hilo. Nina watoto, na akili yangu ya saa nane usiku si ile ninayotaka kuiuza.

Nyumbani nako ni ofisi. Watu wanaokupenda ndio watakaokukatiza. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Mpwapwa aliniuliza, "Mwanangu, leo hukwenda kazini?" Nikamjibu, "Nipo kazini, mama. Natoka saa saba tunywe chai." Akaelewa, na siku zilizofuata ndiye aliyewatuliza watoto mlangoni. Waeleze watu saa zako kwa namna hiyo, kwa heshima na kwa uwazi, kuliko kununa ndani. Jirani akikutuma sokoni Majengo kwa kuwa "upo tu," mwambie utapita baada ya saa kumi.

Siri za mteja

Usipokee nenosiri la mtu kwa WhatsApp. Gmail inamruhusu mwenye akaunti kumpa mtu mwingine ruhusa ya kusoma na kujibu bila kumpa nenosiri, na kalenda ya Google inashirikishwa vivyo hivyo. Pale ambapo nenosiri halikwepeki, tumieni programu ya kutunzia manenosiri kama Bitwarden. Kompyuta ya kazi iwe na nenosiri lake, watoto wasiichezee, na faili za kila mteja zikae kwenye folda yake.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume husika. Ukitunza orodha za wageni, namba za pasipoti au mahojiano ya wanavijiji, sheria hiyo inakuhusu. Mteja wa kigeni akikutaka uingie kwenye mfumo wake kupitia VPN, yaani njia ya siri ya kuingilia mtandao, fahamu kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa taarifa Oktoba 2023 ikiwataka wanaoitumia kwa shughuli zao waijulishe. Fanya hivyo kabla ya kuanza kazi.

Kazi ikiisha, rudisha kila kitu, futa nakala, na umwandikie mteja kwamba umefuta.

Kuaga ofisini

Mimi nashauri mambo mawili yatimie pamoja. Biashara ikulipe miezi mitatu mfululizo isiyopungua nusu ya mshahara wako ukiifanya jioni na Jumamosi, na akiba ya matumizi ya miezi minne iwe benki kwenye akaunti ambayo kadi yake huibebi. Kimoja kikikosekana, endelea kwenda ofisini.

Ukifika hapo, fungua mkataba wako. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Ukiondoka bila notisi unaweza kudaiwa mshahara wa kipindi hicho. Unastahili mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyoistahili na hukuichukua, na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka kimewekwa kwa anayeachishwa na mwajiri, hivyo usikiingize kwenye hesabu zako. Fao la kukosa ajira nalo halimhusu aliyeacha kwa hiari. Aliye serikalini ana taratibu zake za utumishi wa umma, azifuate kupitia kwa afisa utumishi wake.

NSSF nenda wewe mwenyewe ukiwa bado kazini. Omba taarifa ya michango yako mwezi kwa mwezi, uone kama mwajiri amewasilisha yote, kwa sababu kufuatilia michango iliyokosekana ukiwa ndani ni rahisi kuliko ukiwa nje. Pensheni inahitaji michango ya miezi 180. Kama una miezi tisini, usiiache ikalala, jisajili kama mchangiaji wa hiari uendelee kuijaza. Bima ya afya ya kazini itakoma pamoja na ajira, kwa hiyo mpango wa familia uwe umeshauandaa kabla ya mwezi wa notisi kuisha.

Barua iwe fupi, bila malalamiko. Andaa hati ya makabidhiano: faili ziko wapi, kazi zipi zinaendelea, nani anasubiri majibu gani, tarehe zipi zinakaribia. Usibebe orodha ya wateja wala kiolezo cha mwajiri kwenye flashi. Muage bosi ana kwa ana, na umwombe barua ya utambulisho. Katibu aliyekabidhi vizuri huitwa tena, safari hii kwa ankara.

Wiki ya kawaida baada ya hapo

Kila Ijumaa kabla ya saa tisa mchana ninamtumia kila mteja taarifa ya ukurasa mmoja. Ina vichwa vinne: yaliyokamilika, yanayosubiri wengine, yanayokusubiri wewe, na saa zilizotumika kati ya zile alizolipia. Hakuna mteja aliyewahi kuniomba taarifa hiyo, lakini ndiyo wanayoionyesha kwa wenzao wanaponitambulisha. Ianze wiki ya kwanza, hata kama una mteja mmoja wa majaribio.

Kila baada ya miezi sita angalia zile saa. Mteja aliyelipia 20 na anatumia 26 kila mwezi, mwandikie wiki mbili kabla ya mwezi mpya, ukiambatanisha jedwali la taarifa zako za Ijumaa: "Dokta, kazi imeongezeka, na nimefurahi kwa hilo. Kuanzia mwezi ujao naomba tuhamie kifurushi cha saa 25 kwa shilingi 375,000, au tuchague pamoja kazi zipi tuziondoe zibaki ndani ya saa 20." Akupe jibu lake, kisha liingize kwenye mkataba, tarehe mpya na sahihi mbili.